Wakwe Waliokuja na Mji Wao

Tonton wetu, baba mdogo, anajua Kifaransa vizuri sana. Miaka yote tuliyokaa Brussels amegombana kwa Kifaransa na mwenye nyumba, na dereva wa basi, na daktari wa meno, na sijawahi kumwona akishindwa. Lakini Jumapili ile wageni walipokaa kwenye kochi langu, kule Berchem-Sainte-Agathe, pembeni mwa Brussels, alijifanya hajui hata bonjour. Alininyooshea kidole akasema, "Weye njo utatafsiri. Mambo ya kuomba mutoto haisemwake mu luga ya kazi."

Nyumba ilikuwa yangu, sufuria zilikuwa zangu, na sasa ulimi wangu nao umeazimwa. Nilikubali kwa ajili ya mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiposwa, na alikuwa chumbani, mlango umefungwa, kama desturi yetu inavyotaka: msichana haonekani mpaka wakubwa wamalize kusemezana na wamwite wenyewe.

Kijana aliyemtaka alikuwa Mpolandi, fundi wa lifti. Walijuana mtaa wa Laeken, katika jengo ambalo mdogo wangu alikuwa akienda kuhudumia wazee. Lifti ilikwama naye ndani, kijana akaja kumtoa. Mdogo wangu hupenda kusema kwamba aliokolewa. Mimi nilimkumbusha kila mara kwamba mwenzake alikuwa kazini na alilipwa. Hata hivyo alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu, anakula sombe, kisamvu chetu, bila kuuliza ndani mna nini.

Shida ilikuwa Tonton. Yeye ni mdogo wa baba yetu. Mama alifariki akimzaa mdogo wangu, na baba alifia kwetu Bukavu wakati wa vita, mtoto bado hajajua kutembea. Tonton ndiye aliyetutoa kule, ndiye aliyetulea, na hakuoa wala kuzaa wake. Kwa hiyo neno lake kwetu si la kuongezea chumvi, ni chakula chenyewe. Mdogo wangu alikuwa ameapa kwamba Tonton akikataa, haolewi. Na Tonton alikuwa na sababu moja tu, aliyoirudia mpaka ikatuchosha masikio: "Siwezi kutoa mutoto kwa batu benye sijue kwabo. Huyu kijana, kwabo ni wapi? Mu lifti?"

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, habari za kwetu hazisemi. Ukimwuliza juu ya Bukavu, juu ya baba, juu ya siku ile walivyotoka, anajibu, "Ilipita," kisha anaongeza sauti ya televisheni. Mimi nilikuwa nimetangulizwa na majirani, sikuona kitu. Mdogo wangu hakumbuki lolote. Tulikua hivyo, na televisheni yetu ilikuwa na sauti kubwa kuliko zote jengoni.

Bon. Wageni walikuwa wawili tu, kijana na baba yake. Mzee alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Toruń, mji wa zamani sana ulioko kando ya mto Vistula, huko Polandi. Alikuwa mjane, dereva wa tramu aliyestaafu, mrefu, mikono mikubwa, tai imemkaba, na juu ya magoti ameshika kopo la bati kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Upande wetu tulikuwa Tonton, mimi, na maman mmoja wa kwaya ya parokia yetu, tuliyemwomba akae mahali pa mama yetu. Maman huyo alikuwa amevaa kitenge vipande vitatu na kilemba kilichoziba nusu ya dirisha.

Tonton akakohoa, akafungua kazi. "Bageni betu, karibuni. Munatoka wapi, na mumetuletea habari gani?"

Kila mtu wa kwetu anajua namna ya kujibu swali hilo. Unasema, tunatoka kwa fulani, tulipita hapa nje tukaona ua zuri, tumekuja kuuliza mwenye ua ni nani. Maneno machache, watu wanacheka, mazungumzo yanaanza. Lakini mdogo wangu, kwa wasiwasi wake, alikuwa amemwonya mchumba wake wiki nzima: swali la kwanza la Tonton litakuwa mnatoka wapi, baba yako ajibu vizuri, maana yote iko pale. Na mzee wa watu alijitayarisha.

Alisimama, akanyoosha tai. Kijana akatoa mfukoni mashine ya kuonyesha picha ukutani, akaniomba shuka jeupe. Nilidhani ni mila yao, nikaleta. Wakalitundika mbele ya kabati la vyombo, wakafunga mapazia, na taa ikazimwa. Juu ya shuka langu ukatokea mto mpana, na ng'ambo yake mji mzima wa matofali mekundu, minara na makanisa, kuta za kale zimeshuka mpaka karibu na maji.

"Tunatoka hapa," alisema mzee.

Tonton alitikisa kichwa kwa heshima. Alidhani imekwisha. Mimi pia nilidhani imekwisha, nikaanza kuinuka niangalie bugali jikoni. Kumbe hapo ndipo tramu ilipokuwa inaondoka kituoni.

Mzee alisema kwa Kipolandi, mwanawe akaleta kwa Kifaransa, mimi nikampa Tonton kwa Kiswahili. Mzee akimwaga debe, kijana anapokea sufuria, mimi natoa kijiko. Tuliingia kwa lango la mtoni, tukapita chini ya ukuta, tukaambiwa ukuta una umri gani na nani aliujenga na nani alijaribu kuubomoa. Tukafika kwenye jumba kubwa la mji, lililokaa katikati ya uwanja, na mzee akatueleza madirisha yake. Nilisema, "Ni nyumba ya meya." Tonton akanikazia macho. "Amesema mingi. Weye unasema kidogo."

"Ni nyumba kubwa ya meya," nikasema.

Kijana aliona uso wangu. Ni kijana mwerevu. Alijaribu kuruka picha mbili, lakini baba yake akamshika mkono, akamwambia neno, na kijana akageuka kwetu amekuwa mwekundu. "Anasema tramu hairuki kituo."

Simu yangu ikatetemeka. Mdogo wangu: Wamefika wapi? Nikamjibu: Kwenye uwanja wa mji. Akaandika (yaya ni mimi, mkubwa wake): Uwanja gani, yaya, wamekubaliana? Nikaandika: Bado hatujashuka. Akakaa kidogo, akaandika tena: Nabanwa na mkojo. Choo changu kiko upande wa pili wa sebule. Ili akifikie ilibidi apite mbele ya wakwe, na msichana akijitokeza kabla ya kuitwa, habari imekufa. Nikamwandikia: Subira huvuta heri. Aliyonijibu sitayaandika hapa.

Ikaja sanamu ya kijana wa shaba aliyesimama katika chemchemi, anapiga fidla, na vyura wamemzunguka ukingoni. Mzee akasimulia kwamba zamani mji wao ulivamiwa na vyura, wakajaa mpaka ndani ya nyumba, na huyo msafirisha magogo mtoni akapiga fidla yake hata vyura wote wakamfuata nje. Tonton alisogea mbele ya kiti. Kwetu, mtu akiambiwa aseme anakotoka, anataja ukoo. Kwa hiyo Tonton alikuwa anahesabu ukoo.

"Muulize," akaniambia, "huyu wa fidla ni baba mukubwa yake, ao ni wa upande ya mama?"

Niliona aibu, lakini mfasiri si mwenye mali. Nikauliza. Mzee alifikiri, akaweka mkono kifuani, akasema, "Ni wetu sisi wote."

"Ah bon," alisema Tonton. "Ukoo mukubwa."

Baada ya hapo akauliza habari za kila mtu aliyetajwa. Ukaja mlango wa nyumba alikozaliwa mtaalamu wa nyota, yule aliyewaambia watu kwamba dunia ndiyo inayozunguka jua. Tonton akauliza kama alioa. Mzee akasema hakuoa. Tonton alihuzunika kweli, akasema kichwa namna ile kimeenda bila mtoto. Maman wa kwaya akasema labda ni kwa sababu alikuwa anatazama juu kila wakati, wasichana wanapita chini.

Kisha ukaja mnara ulioinama. Na huu nao ulikuwa na kisa chake. Zamani palikuwa na askari mmoja wa dini, mwenye nadhiri ya kutooa, akampenda binti wa mfanyabiashara wa mjini wakawa wanaonana kwa siri. Walipogunduliwa, askari akahukumiwa ajenge mnara uliopinda kama mwenendo wake. Mzee alisimulia kwa uchungu. Tonton alisikiliza mpaka mwisho, akatoa hukumu: "Donc alipenda mutoto ya batu bila kupika hodi. Njo maana nyumba ilipinda." Na alimtazama fundi wa lifti mpaka kijana wa watu akashusha macho.

Mzee akaongeza kwamba mtu akisimama pale, mgongo na visigino vimegusa ukuta, mikono ameinyoosha mbele, asipoanguka basi hana dhambi. Maman wa kwaya hakungoja nimalize kutafsiri. Aliinuka, akajibandika kwenye ukuta wangu, kilemba na vyote, akanyoosha mikono. Alisimama hivyo kidogo, halafu akaenda mbele, akaangukia magoti ya mzee na kopo lake la bati. Mzee akamdaka. Lile kopo likafunguka, vikamwagika vipande vya mkate wa asali na viungo, vyenye umbo la moyo, vigumu kama kigae. Maman akakaa pale pale sakafuni, kicheko kimemzidi, anasema aliisha kumwambia padri kwamba ana dhambi na padri hakumwamini.

Hapo nilicheka nami, lazima niseme. Lakini nilipomtazama Tonton, yeye hakucheka. Alikuwa anatazama shuka. Nilijua ile sura. Ni sura anayoivaa kabla ya kusema hapana.

Simu: Yaya, nakufa. Nikainua macho kumwashiria kijana aharakishe, na picha iliyofuata ilikuwa magofu ya ngome. Mzee akaeleza kwamba askari wa dini wa kigeni waliojenga ngome ile waliwatawala wenyeji kwa mabavu mpaka siku wenyeji walipochoka, wakawafukuza, wakaibomoa jiwe kwa jiwe. Tonton akapiga paja. Kwa mara ya kwanza aliwaelekea wageni wenyewe kwa neno la Kifaransa, "Voilà." Ila walibakiza mnara mmoja, uliounganishwa kwa daraja juu ya kijito. Mzee akausifu sana ule mnara, jinsi ulivyo imara, jinsi hakuna aliyethubutu kuugusa. Nikauliza ulikuwa wa kazi gani. Kijana akasita.

"Ni choo," alisema.

Nilimwandikia mdogo wangu kwamba tumefika chooni. Sikuweza kujizuia.

Picha ya mwisho ilikuwa mtoni tena, jioni, taa za mji zimewaka. Mzee akashusha sauti. Alisema vita kubwa ilipita katika nchi yake yote, miji mingine haikubaki ukuta, lakini wa kwao haukubomolewa. Kila kilichokuwa kimesimama, kilisimama. Nyumba aliyozaliwa ipo. Ile ambamo mke wake alifia ipo, kitanda kipo. "Nimewaonyesha yote," alisema, "ili mjue binti yenu atakapofikia. Hataenda mahali asipopajua."

Nikatafsiri yote, neno kwa neno, safari hii bila kupunguza. Picha zikaisha. Likabaki shuka tupu na mwanga mweupe.

Mzee aliketi, akajifuta jasho. Kisha, kwa adabu tu, kama mtu anavyorudisha salamu, akauliza kupitia kwa mwanawe: "Na ninyi? Tungependa nasi kuona kwenu."

Mimi hasira zilinipanda, na hazikuwa na mtu wa kumwendea. Tuone nini? Tulitoka na nguo za mwilini. Hatuna picha moja ya Bukavu, wala ya nyumba, wala ya baba. Sura ya baba yetu naikumbuka kidogo. Mdogo wangu haijui kabisa. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia mzee kwamba chakula kiko tayari. Kijana akanyoosha mkono kuzima mashine.

"Acha," alisema Tonton.

Aliinuka. Alisimama mbele ya mwanga, kivuli chake kikaziba shuka zima, akaona, akasogea pembeni. Alilitazama lile shuka tupu muda mrefu. Kisha akaweka kidole.

"Hapa ni lac, ziwa yetu," akasema. "Mji yetu inaingia mu maji na mikono tano. Huu ni mukono wa kwanza. Hapa ni katedrali. Hapa ni Kadutu, kwenye soko, bamama banauzisha sambaza, samaki badogo-badogo, ukipita na viatu mupya, jioni unafika navyo vya zamani."

Nilifungua kinywa nitafsiri, lakini Tonton hakunipa nafasi. Alikuwa amegeuka kwa mzee, na maneno yalikuwa yanamtoka kwa Kifaransa, mfululizo, kijana anakimbilia nyuma kwa Kipolandi. Mambo ya luga ya kazi aliyasahau. Mzee wa tramu aliuliza maswali kama mtalii kweli. Akauliza kama tuna mnara ulioinama. Tonton akasema mnara hatuna, ila barabara zetu zote zimeinama. Mtu akiangusha ndizi Kadutu, mwenzake anaiokota Nyawera. Akamwonyesha pale ziwa linapotoa mto Ruzizi, na daraja, na ng'ambo nchi ya watu wengine. Akamwonyesha njia ya shule, alikokuwa akipigana na kaka yake. Kidole kilitembea juu ya shuka langu na mimi nikaiona Bukavu, naapa niliiona, mpaka nikakasirika kwamba alikuwa nayo miaka yote hiyo akatunyima.

Kisha kidole kikasimama, chini, karibu na pindo.

"Hapa ni Nguba," alisema, na sasa Kifaransa kilikuwa kimemwisha, alirudi kwetu. "Nyumba yetu. Mulango wa bulu. Nyuma kulikuwa muti ya muavoka. Hapa, chini ya muavoka, njo nilimuzika grand frère. Bunduki zilikuwa zinalia, hakukuwa padri, hakukuwa batu. Nililima na jembe ya jirani. Mutoto alikuwa mu mugongo yangu. Alilala. Hakulia hata kidogo."

Nilijua baba alikufa. Sikujua alizikwa, wala mahali, wala nani. Nilikuwa nimejizuia kuuliza juu ya kaburi tangu utoto kwa kuogopa jibu kuwa hakuna. Nililia pale, mbele ya wakwe, bila kujificha, na maman wa kwaya akanishika bega kutoka sakafuni. Kijana alimwambia baba yake yale maneno polepole. Alipofika kwa mtoto mgongoni, alirudia mara mbili.

Mzee alisimama. Hakukaribia. Alifunga kifungo cha koti, akasema sentensi moja, na mwanawe akaileta: "Sasa najua binti anatoka wapi. Namwomba mtoto wenu kwa ajili ya mtoto wangu."

Kwetu baada ya ombi anaitwa msichana, na yeye ndiye anayesema, mbele ya wote, kama watu hao wapokewe. Tonton akaniambia, kidole bado kiko kwenye shuka, "Ita mutoto."

Nilifungua mlango wa chumba. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake, na uso wake ulinionyesha kwamba alisikia yote. Vazi alilokuwa amejitayarishia mwezi mzima lilikuwa limelowa machozi kifuani. Hakuwasalimu wakwe. Aliwapita mbio akaingia chooni, na watu wazima wote wakatazama dari. Tonton alisubiri, hakutoa kidole.

Aliporudi, Tonton akauliza kama inavyotakiwa: "Mutoto wetu, hawa batu unabajua? Tubapokee?"

"Tubapokee," alijibu haraka, kama mtu anayeondoa kiti njiani. Hakumtazama hata mchumba wake. Alikuwa anatazama shuka. "Tonton, papa yetu iko wapi pale?"

Tonton akamshika mkono, akamvuta karibu. Aliondoa kidole chake, akaweka cha mdogo wangu pale pale.